Kukausha majani ya sungura kungoja kaskazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watu wa Malindi na jirani zake, kuanzia Watamu na Gede hadi Mambrui, wanaofuga sungura wa nyumbani: wawili watatu uani, wana majina, na watoto hawataki kusikia habari za mchuzi. Mwenye banda kubwa la biashara atapata la kumfaa, ila hesabu zetu ni za sungura wachache.

Hapa hakuna theluji. Nikaushe majani ya nini?

Wafugaji wa Ulaya hukausha majani wakati wa joto kwa sababu kuanzia Novemba hadi Machi miti yao mingi imepukutika na bustani imelala. Huanika majani ya mtofaa, ya wilo, ya hazeli, wakayatoa kidogo kidogo baridi ikishika. Sisi baridi hiyo hatuna, lakini kaskazi tunayo. Vuli ikikatika, jua la Januari hadi Machi hugeuza ukoka wa uwanjani kuwa kahawia, matembele hujikunja, na asiye na kisima hana cha kumwagilia. Ukitazama kalenda, miezi ya njaa ya sungura wao na wetu ni karibu ileile.

Iko sababu ya pili ambayo wengi huigundua Mei. Mvua za mwaka zikishika, majani ni tele lakini yamelowa usiku na mchana, na sungura aliyejazwa majani mabichi yenye maji mengi huharisha upesi. Kikapu cha majani makavu hapo ni msaada mkubwa.

Basi nimpe majani makavu tu, mengine niache?

Hapana. Chakula kikuu cha sungura ni nyasi: kavu au mbichi, kila siku, zisikatike. Meno yake ya mbele hukua maisha yake yote, ya juu karibu milimita 2 kwa wiki, na kinachoyasaga ni kutafuna nyuzi ngumu za nyasi kwa saa nyingi. Utumbo wake nao unategemea nyuzi hizo ili usogee. Jani la mlonge au la kunde ni laini na lina protini nyingi. Akila hilo peke yake hushiba haraka, akakaa bure, na hapo matatizo ya meno na tumbo huanza.

Kadiria hivi: robo tatu au zaidi ya anachokula iwe nyasi, na robo iliyobaki majani yako makavu pamoja na mboga mbichi ukiipata. Nyasi kavu utanunua kwa beli, au utajikatia ukoka na nyasi za porini kabla hazijatoa mbegu, uzianike kwa njia ileile tutakayoieleza hapa chini.

Majani gani ya bustanini yanakauka vizuri na yanamfaa?

La kwanza kwangu ni matembele, yaani majani ya viazi vitamu. Yanapatikana kila mahali, sungura huyapenda, na ukikata mashina yake marefu huchipua tena. Ubaya wake ni kwamba shina lina maji mengi. Jani hukauka siku ya pili wakati kikonyo bado kibichi, na hicho kikonyo ndicho kitakachoozesha gunia zima. Kwa hiyo chambua: majani upande mmoja, mashina yakatwe vipande vifupi yaanikwe peke yake.

Majani ya kunde na ya mbaazi ni mazuri sana. Majani ya njugu vilevile: ukishang'oa njugu zako usichome mabua, yatikise mchanga, uyaanike. Sharti yawe safi, maana yale yaliyolala chini shambani huwa tayari yameshaanza koga.

Mforosadi ni mti ambao ningemshauri kila mfugaji mwenye nafasi aupande. Jani lake ni pana, halina sumu, linakauka bila kusumbua, na hata sungura mwenye kuchagua huliokota. Hibiskasi ya uani ni hivyohivyo, jani na ua lake. Majani ya mpera yana ukakasi kidogo, machache yanatosha. Ya mgomba yachane vipande vyembamba, ukiyaacha mapana yanashika maji katikati. Majani ya mahindi na maganda ya nje ya gunzi yanafaa kuchanganywa na nyasi.

Mlonge una sifa kubwa siku hizi, na kweli una lishe. Lakini una kalsiamu nyingi mno, na mwili wa sungura haujui kukataa kalsiamu: huifyonza karibu yote kutoka tumboni, kisha ziada hutolewa kwa mkojo. Ukiona mkojo mzito mweupe kama chokaa umezidisha. Kwa sungura mzima, chukua kwa ncha za vidole, si kwa kiganja. Kuukausha ni rahisi kuliko yote: funga matawi, tundika kivulini juu ya mkeka, na baada ya siku mbili vijani huanguka vyenyewe ukipapasa tawi.

Kishona nguo, lile gugu linaloganda kwenye kanzu na buibui, sungura hulipenda likiwa changa. Livune kabla ya mbegu.

Na yapi nisiyaguse kabisa?

Oleanda, hata jani moja. Lantana, kile kichaka cha ua wenye maua ya manjano, mekundu na ya waridi kwa pamoja. Mbarika. Mbono. Mnanaha. Mnyaa na jamii yake yote yenye utomvu mweupe. Majani ya mnyanya na ya viazi mbatata. Majani ya mparachichi, ambayo watu wengi hushangaa kuyasikia hapa kwa sababu tunda lake tunalila kila siku. Jani lake lina sumu kwa sungura.

Watu hudhani jua linaua sumu. Kwa mimea hiyo sivyo. Jani likikauka hupoteza harufu kali na uchungu unaomwonya mnyama, lakini sumu hubaki. Sungura ambaye angeinusa lantana mbichi akaiacha anaweza kuila ikiwa kavu na imechanganyika na majani mengine. Ndiyo maana kuchambua hufanywa kabla ya kuanika. Yakishasinyaa yote hufanana.

Majani ya mwembe na mkanju siyaaniki. Miti hiyo ni ya ukoo mmoja, na utomvu wake unababua. Iko mingine mingi mizuri. Mkoko pia uache, una chumvi, na ni kazi ya ngamia.

Kisamvu je? Nina muhogo shamba zima.

Swali hili huja sana kutoka Ganda na Kakuyuni. Jani la muhogo lina kemikali ambayo ikisagwa au kutafunwa hutoa sayanidi. Ndiyo sababu mama zetu hukitwanga kisamvu kwenye kinu na kukichemsha muda mrefu. Tofauti na sumu za oleanda na wenzake, hii hupungua sana jani likikatwakatwa na kuanikwa juani, kwa kuwa sayanidi huondoka na hewa. Kwa hiyo mbichi usimpe. Kavu kabisa, lililokatwa dogo dogo na kuanikwa juani siku kadhaa, sungura mzima anaweza kupewa kidogo. Mimi simpi, na sioni haja, mtu akiwa na matembele. Kama muhogo wako ni wa ile aina chungu, jibu ni hapana.

Jirani anauza muguka na ananigawia majani yaliyobaki. Nimuanikie sungura?

Usimpe. Muguka na mirungi vina kathinoni, inayoamsha mwili na kukimbiza moyo. Sungura moyo wake tayari unakwenda mbio, na ni mnyama anayeweza kufa kwa kushtuka tu. Isitoshe huwezi kujua majani hayo yalipuliziwa dawa gani shambani.

Nivune na kuanika mwezi gani?

Wengi hukosea hapa, kwa sababu husubiri mpaka Februari, wakaona nyasi zimeisha, ndipo waanze kutafuta cha kukausha. Februari jua ni zuri la kuanikia lakini jani liko wapi? Mei jani liko, jua liko wapi?

Iko nafasi fupi ambayo vyote viwili hukutana: mwanzoni mwa Desemba, mara vuli inapokatika. Bustani bado ni kijani kwa mvua za Oktoba na Novemba, upepo wa kaskazi umeanza kuingia, na mawingu yamepungua. Kazi kubwa ifanye wiki hizo, kabla mwezi haujaisha. Nafasi ya pili ni Septemba, upepo wa kusi unapolegea na manyunyu ya mchoo yamekwisha. Hapo unakausha kidogo cha akiba.

Julai na Agosti ni miezi ya kujaribu subira. Kipupwe kina hewa baridi na nyororo, mtu akaona yafaa, kumbe unyevu wa bahari upo, na manyunyu huja bila hodi. Ukianika wakati huo, anika kidogo kidogo, kiasi unachoweza kuanua kwa dakika chache.

Kwa siku yenyewe: vuna kwenye saa tatu au saa nne asubuhi, umande ukishakauka na jua halijawa kali. Usivune siku iliyofuata usiku wa mvua. Chukua majani machanga hadi ya kati. Lile kuukuu la manjano halina kitu.

Juani au kivulini?

Kivulini penye upepo. Jua kali la Malindi hukausha haraka, lakini huchoma rangi ya kijani, na pamoja na rangi hupotea karotini ambayo mwili wa sungura huigeuza kuwa vitamini A. Jani lililokauka vizuri hubaki kijani na lina harufu ya majani. Lililochomwa huwa rangi ya mchanga na halina harufu. Isipokuwa kisamvu, kama tulivyosema, na mashina mazito ya matembele, ambayo juani ni sawa.

Mahali bora ni chini ya paa la makuti, pande zote wazi. Makuti yanapumua. Bati lina joto zuri mchana, lakini alfajiri hutoa jasho kwa ndani, na matone yale huanguka juu ya majani uliyoyahangaikia. Kama nyumba yako ni ya bati, tandaza jamvi barazani.

Tandaza kwa unene wa kidole, usizidi. Jamvi, mkeka mkuukuu au ungo ni bora kuliko turubai, maana hewa hupita chini. Geuza asubuhi na alasiri. Ukitumia sakafu ya saruji weka vijiti chini ya jamvi, la sivyo upande wa chini utatota. Kila siku anua kabla ya magharibi: usiku wa pwani hurudisha unyevu wote ulioutoa mchana. Hili ndilo linalowachosha watu, na ndilo linalotenganisha majani mazuri na mabaya hapa kwetu. Wafugaji wa bara kavu wanaweza kuacha majani nje usiku kucha. Sisi hatuwezi.

Wakati wa kaskazi majani membamba huchukua siku mbili au tatu, mapana na mazito nne hadi sita.

Nitajuaje yamekauka kweli?

Jani likivunjika mkononi hujamaliza. Kamata kikonyo chake, au mshipa wa katikati, ukipinde. Kikikatika kwa mlio, tayari. Kikipinda kama uzi, rudisha jamvini.

Kwa uhakika zaidi, weka mkono mmoja wa majani katika chupa ya kioo iliyo kavu, funga kifuniko, iache penye joto hadi kesho yake. Ukiona ukungu au matone kwenye kioo, bado yana maji. Jaribio hili halina gharama.

Niyahifadhi vipi? Mwaka jana yangu yalilegea yakawa kama hayakukauka.

Yalikunywa hewa ya bahari. Ushauri unaouona kwingi ni wa gunia la katani au mfuko wa karatasi ili majani yapumue. Huko bara ni ushauri mzuri. Huku kwetu jani kavu ndani ya gunia lililo wazi hulegea baada ya wiki chache, hasa karibu na ufuo.

Fanya hivi: siku ya mwisho ya kuanika, yapakie kwenye saa tisa alasiri, yakiwa yanavunjika na bado yana joto la mchana, ndani ya ndoo au debe lenye kifuniko kinachobana. Yashindilie kiasi. Lakini ikiwa una shaka yoyote juu ya ukavu wake usiyafunge, maana chombo kinachobana hufungia unyevu ndani na koga huota ndani ya siku chache. Nyasi zinaweza kukaa kwenye gunia juu ya uchaga, zisiguse sakafu wala ukuta.

Wiki ya kwanza fungua kila siku, tia mkono hadi chini. Ukihisi uvuguvugu au harufu nzito, mwaga yote jamvini upya.

Panya ni tatizo la pili. Mkojo wao una magonjwa, na majani yaliyokojolewa hayaoshwi, hutupwa. Wengine huweka matawi ya mwarobaini kuzunguka ndoo na magunia kufukuza wadudu. Sawa, ila yasichanganyike na chakula.

Weka gizani. Yakihifadhiwa vizuri hukaa miezi sita bila shida.

Nimeona koga kidogo pembeni. Nikiondoa sehemu hiyo na kuyaanika tena?

Tupa yote yaliyokuwa katika chombo hicho. Uzi wa koga unaoonekana ni sehemu ndogo, na sumukuvu ikishatengenezwa haiondolewi na jua wala moto. Kenya tunaijua: mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua zaidi ya watu 100 Ukambani. Sungura ni mdogo, na hawezi kutapika. Kinachoingia kimeingia.

Nikaushe kiasi gani?

Sungura mzima wa kilo 2 hula takriban gramu 100 za chakula kikavu kwa siku. Ikiwa robo yake ni majani, hiyo ni gramu 25, sawa na kiganja kilichojaa. Kuanzia Januari hadi mwisho wa Machi ni siku 90, kwa hiyo kilo 2 na robo kwa kila sungura. Jani bichi lina maji mengi kiasi kwamba kilo 5 hubaki karibu kilo 1. Basi kwa sungura mmoja vuna kilo 11 au 12 za majani mabichi, na ongeza kidogo kwa yatakayoharibika. Mwenye sungura wanne anazungumzia kilo 50, na hiyo si kazi ya asubuhi moja. Anza mapema, fanya mafungu.

Namwanzishia vipi?

Polepole, kwa wiki moja hadi siku kumi. Changanya kidogo na nyasi alizozizoea, ongeza kila siku. Vijidudu vya tumboni mwake vinavyosaga chakula vinahitaji muda wa kuzoea.

Kumbuka maji. Aliyekuwa akila mchicha mbichi alikuwa akipata maji humohumo, sasa hapati. Sungura wa kilo 2 hunywa kati ya mililita 100 na 300 kwa siku, na siku za joto zaidi. Mpe maji baridi bakulini, ubadilishe asubuhi na jioni. Maji ya kisima yenye chumvi ambayo wewe mwenyewe huyanywi, usimpe.

Amekataa majani makavu. Nifanye nini?

Kwanza tazama saa. Machi mchana, joto likipita nyuzi 30, sungura hali chochote; amelala amejinyoosha, masikio moto. Mpe chakula baada ya magharibi na kabla ya alfajiri, utaona tofauti. Kama bado anakataa, nyunyizia maji kidogo majani ya mlo huo mmoja tu, au yachanganye na jani moja bichi analolipenda. Yanayobaki asubuhi yaondoe.

Lakini sungura aliyeacha kula kila kitu, hata nyasi, kwa saa 12, au ambaye kinyesi chake kimekuwa kidogo kidogo au kimekoma, si mchaguzi. Tumbo limesimama. Mtafute daktari wa mifugo siku hiyohiyo, usingoje kesho. Na anayehema mdomo wazi na kutoa udenda ameshikwa na joto: mlaze kivulini, mlowanishe masikio kwa maji ya kawaida, si ya barafu, kisha daktari.

Mtunza bustani wa hoteli ananipa majani bure. Nichukue?

Muulize kwanza wanapulizia nini na lini. Bustani nyingi za nyumba za wageni hupuliziwa dawa dhidi ya mbu na wadudu. Asipojua, shukuru na uache. Nyasi zilizokatwa kwa mashine usizichukue hata kama hazina dawa: zimepondwa, zimerundikwa, na ndani ya saa chache huanza kuchacha. Majani ya kando ya barabara kuu ya Mombasa pia waachie vumbi na moshi.

Naweza kutumia oveni?

Unaweza, moto wa chini kabisa, mlango wazi kidogo. Kwa fungu dogo siku ya mvua si mbaya. Juu ya jiko la kuni usitundike. Majani hunuka moshi na sungura huyakataa.

Watoto wa sungura nao wale?

Wanaanza kuonja nyasi wakiwa na wiki tatu hivi, wakimwiga mama yao. Hadi watimize miezi mitatu wape nyasi kavu zaidi, na majani kwa uchache mno, aina moja moja. Mama mwenye mimba, inayochukua takriban siku 31, au anayenyonyesha, anahitaji protini na kalsiamu zaidi. Yeye ndiye wa kuongezewa mlonge na majani ya kunde.

Mvua za mwaka zimeanza na nimebakiza ndoo mbili nzima.

Usizifungulie zote. Fungua moja, uitumie siku ambazo majani ya nje yamelowa, na ile nyingine ifunge vilevile hadi Juni. Yakishafifia rangi na kuisha harufu hayana lishe ya maana: tandika nayo bandani, au yatie chini ya mforosadi.